Hatutakimbia kwa Jina Lako, Murdina

Mwaka umetimia wiki hii, Murdina, tangu tukuzike pale kilimani Port Rannoch, upepo wa bahari ukimnyang'anya mchungaji karatasi zake, na hasira bado hazijatutoka. Mama anasema tangazo la kumbukumbu si mahali pa kugombana. Tukamuuliza mahali pake ni wapi basi, maana ofisini tumekwenda, simu tumepiga, na kote huko tumejibiwa kwa tabasamu. Akasema, "Haya, andikeni. Ila muanze na mazuri yake."

Basi tuanze na mazuri. Uliimba vibaya na kwa sauti kubwa. Chakula cha mchana ulikila umesimama, mkono mmoja una keki ya samaki, mwingine unafungua faili. Ulichelewa kila harusi ya mji huu na hakuna bibi harusi aliyekununia, kwa sababu kila mtu alijua ulikuwa umekaa na mgonjwa.

Ulisomea udaktari wa mapafu kwa ajili ya baba. Alichimba makaa ya mawe mpaka kifua kikaziba, na daktari wa kampuni akamwambia kinachomsumbua ni sigara na uvivu. Baba hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Ulikuwa msichana wa shule, umesimama mlangoni umemshikia koti, na maneno yale uliyasikia yote. Hukuyasahau, wala hukutuacha sisi tuyasahau.

Kisha likaja lile gonjwa la virusi. Wengine walikufa, waliobaki wakaambiwa wamepona. Kaka yetu Lauchie, mtega kambakoche, mtu wa kuamka kabla ya jogoo, hakupona. Hospitali ikamwambia vipimo vyake ni vizuri, tatizo ni woga, ajikaze afanye mazoezi. Naye Lauchie kujikaza ndiyo kazi anayoijua. Alijikaza juu ya mashine ya kukimbilia mpaka siku moja miguu ikagoma, na tangu hapo makao yake ni kochi la jikoni kwa mama.

Ulipolisikia lile neno "ajikaze" ulirusha kikombe ukutani. Alama ipo mpaka leo na mama hataki ipakwe rangi.

Halafu ukafanya kazi. Wenzako walimpima mgonjwa siku moja, wakaona anaweza kukanyaga ile mashine, wakaandika mzima. Wewe ukamwambia arudi kesho yake apimwe tena. Kesho yake nguvu hazipo, pumzi haipo, na safari hii kipimo chenyewe kilisema. Ukapima wengine, na wengine tena, na jibu likawa lile lile: jitihada ndiyo iliyokuwa ikiwaumiza. Ulipoona hata kipimo chako kinawalaza watu kitandani, ulichomoa waya wa mashine ukaifanya ya kutundikia makoti ya mvua. Noreen, yule mgonjwa wako dereva wa basi la shule, aliitazama akasema, "Daktari, hii ndiyo kazi ya kwanza ya maana ambayo imewahi kufanya." Mkacheka mpaka ikabidi alale.

Na viti vyako. Kutoka lango la hospitali hadi chumba chako ni korido ndefu, ukaijaza viti: vya jikoni, vya kanisa, vya kuokota kwenye minada ya vitu vikuukuu, na kile cha bluu ambacho mguu wake uliufunga kwa utepe. Mgonjwa alikaa, akapumua, akasogea kinachofuata. Aliyejitia shujaa akavipita ulimfokea mbele za watu. "Hapa hatumpongezi mtu kwa kujikaza! Kaa, mwanangu. Kiti hakiumi."

Jumapili ulimwosha Lauchie nywele, mapazia yamefungwa, kwa sababu mwanga ulimchoma macho. Hukusema neno, wewe uliyeshindwa kunyamaza hata kanisani. Hilo ndilo tunalolikosa zaidi, Dina. Tunalikosa vibaya sana.

Kansa ya kongosho ilikuchukua upesi, kazi iko katikati. Nyasi hazijaota kaburini, viti vikaondolewa. Eti vinaharibu sura ya korido. Noreen alikwenda kliniki, akafika katikati, akakaa sakafuni. Nesi akamkimbilia: "Mama, umeanguka?"

"Sijaanguka, nimekaa. Viti vya daktari mmevitupa wapi?"

Nesi hakujua. Shemeji yetu Armand, mume wako, ndiye aliyevikuta nyuma ya jiko la hospitali, vimelala kwenye theluji pamoja na mapipa ya taka. Alivipakia kwenye gari lake kimya kimya. Tangu hapo viko ghalani kwake, amevifuta kimoja kimoja.

Mwezi wa nne alikuja nyumbani Bwana Kerwin Tull, mkuu wa michango wa hospitali, na mfuko wa fulana. Mama alimmiminia chai na kumwekea biskuti, maana mgeni ni mgeni. Akakunjua fulana moja, uso wako umechapwa kifuani, na chini yake: Kimbia kwa Ajili ya Murdina.

"Tumetafuta kitu ambacho yeye mwenyewe angekifurahia," alisema. "Mbio za kumbukumbu. Mchango wote utanunua mashine za kukimbilia, chumba kizima, na jina lake juu ya mlango."

Lauchie alikuwa pale pale kwenye kochi, kofia imemfunika macho. "Mzee, na mimi umeniandikisha?"

"Hata wewe! Kila mtu kwa kasi yake."

"Kasi yake ndiyo hiyo unayoiona," mama akasema. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, bwana. Huyu alikwenda kwenu kwa miguu yake."

Armand alikuwa mezani pamoja nasi, hakunyanyua macho. "Ondoa jina la mke wangu."

"Bwana Armand, nakuelewa. Lakini fulana zimeshachapishwa."

Mama hakumwongeza chai. Kikombe kilikaa kitupu mbele yake, buli liko mkononi mwa mama, na anayezijua nyumba za kisiwa chetu hiki cha Cape Breton anajua hilo ni tusi gani. Bwana Tull hakujua. Akatoa filimbi mfukoni, akampa binti yako Odile, akamwomba yeye ndiye aanzishe mbio, kwa heshima ya mama yake. Odile aliipokea, akasema asante.

Hii si heshima, Dina. Huku ni kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Walikunyima pesa za utafiti ulipokuwa hai, wakakuita mwenye fujo kwenye mikutano, na sasa umekufa wanauchukua uso wako kuuzia kile kile ulichokipinga. Matusi waliyokutukana wewe na sisi tungeweza kuyameza. Yatakayompata mgonjwa wa kesho hatuwezi kuyameza. Atafika amechoka, haamini mtu, ataliona jina lako juu ya mlango, na kwa sababu ni jina lako ataamini. Atapanda mashine. Kesho yake hatainuka, na watamwambia hakujikaza.

Mbio ni Jumamosi asubuhi, langoni pa hospitali. Kabla jua halijawa kali viti vyako vyote vitakuwa vimepangwa kwenye mstari wa kuanzia, kuanzia ukingo huu wa barabara mpaka ule. Kile cha bluu atakikalia mama. Noreen atakuja, na wagonjwa wako wengine kadiri watakavyoweza, na asiyeweza atawekewa kiti chake kitupu. Lauchie atakuja amelala nyuma ya gari la Armand. Safari hiyo itamrudisha nyuma sana, na tumemsihi abaki. Amekataa. "Kwa ajili yao nilijikaza," alisema. "Kwa ajili yake nitakaa."

Ninyi mliojiandikisha kukimbia kwa moyo mwema, hatuna ugomvi nanyi. Ziacheni fulana nyumbani, njooni na viti. Chai ipo, na ninyi tutawaongeza.

Nawe usihangaike huko uliko. Filimbi anayo Odile, na hataipuliza.

Wanaokulilia na kukukasirikia kwa kuondoka mapema ni mama yako Euphemia MacAskill, mume wako Armand Boudrot, binti yako Odile, kaka yako Lauchie, mimi mdogo wako Sadie niliyeandika haya kwa ruhusa ya mama, na wote waliowahi kukaa kwenye korido yako. Tutakukumbuka daima, Dina, na Jumamosi tutakukumbuka tumekaa.