Mguu Nje ya Mstari

Bukene, 12 Mei 2024

Kwa dada yangu Agi,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Kifua cha baba kimepoa kidogo tangu mvua zikome, ila bado anakataa dawa za hospitali. Mpunga umetoka vizuri na mashine ya kukoboa haipumziki, kwa hiyo nami sipumziki: mchana nabeba magunia, jioni nadaka mpira golini. Wewe na wanafunzi wako wa historia hamjambo?

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu ni ya baba, na baba husomewa kila ujumbe kwa sauti pale kwenye benchi la stesheni. Hili si la benchi. Bi Zamda atakukabidhi mkononi akipeleka mchele wake Isevya.

Dada, tumeingia fainali ya Kombe la Mavuno. Sisi Stesheni na wale Isevya Stars, tarehe 15 Juni, hapo Tabora. Atakayebeba kombe anakwenda ligi ya mabingwa wa mikoa, na kuna kocha kutoka Mwanza atakuja kutazama. Nina miaka ishirini na tatu. Sioni mlango mwingine wa kunitoa kwenye magunia.

Sasa sikia. Tumeletewa jina la mwamuzi wa kati: Agnetha Masele. Kocha wetu ni mgeni, alilisoma akapita. Wenzangu wanakujua, lakini wamefunga midomo. Kwenye vyeti wewe una jina la mjomba aliyekusomesha, mimi nina la baba. Kamati ya kombe haiwezi kujua. Sikuombi unipendelee. Nakuomba unyamaze tu.

Mchezo wetu wa kweli au uongo tusiuache. Zamu yako.

Mdogo wako,
Festo

Tabora, 17 Mei 2024

Mdogo wangu Festo,

Marahaba. Mimi ni mzima, ila barua yako imeniondolea hamu ya kula. Niliisoma, nikaifungia sandukuni kana kwamba ingeweza kuongea.

Unajua nimeisubiri mechi hii kwa muda gani? Miaka minne nachezesha mabonanza ya vumbi, watu wakipiga kelele, "Mama lishe kapotea njia!" Hakuna mwanamke aliyewahi kusimama katikati kwenye fainali ya kombe hili. Nikijitoa, watasema mnaona, mwanamke hawezi kuacha ukoo nyumbani. Nikinyamaza, nitakuwa mwongo mwenye filimbi. Naitaka mechi hii, Festo. Ndiyo maana naogopa.

Nipe siku chache. Mwambie baba anywe dawa.

Haya. Kweli au uongo: mpira ulipokuwa mchanga huko Uingereza, kila timu ilikuja na mwamuzi wake. Hao wawili walikaa uwanjani, na mtu wa tatu alisimama nje ya mstari, akiulizwa pale tu wawili waliposhindwa kukubaliana.

Dada yako,
Agi

Bukene, 24 Mei 2024

Dada Agi,

Shikamoo. Huku wazima, baba anakusalimu.

Nasema kweli, kwa sababu wewe ukitunga uongo huwa mfupi. Na umejifunga mwenyewe! Kama hata wazungu walikuja na mwamuzi wao mfukoni, sisi Bukene tukija na wetu kosa liko wapi?

Natania. Lakini baba hatanii. Aligundua, sijui nani kamwambia. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mwambie Agi sijawahi kumwomba kitu. Nilimpeleka kwa mjomba wake akiwa na miaka sita ili asome, na sikumwomba kitu. Sasa namwomba anyamaze." Kisha akatoka nje kukohoa.

Yangu: zamani golikipa aliruhusiwa kushika mpira kwa mikono popote kwenye nusu yake ya uwanja. Nilisikia redioni. Kweli au uongo?

Mdogo wako,
Festo

Tabora, 2 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba mtabaki wazima baada ya kuisoma.

Nimesema. Nilikwenda dukani kwa Sameer, katibu wa kamati, nikamwambia mbele ya wateja wake wa vitenge kwamba golikipa wa Stesheni ni mdogo wangu wa tumbo moja. Aliweka chini futi yake ya kupimia. "Wewe mtoto! Si ungekaa kimya?" Hata yeye!

Akawaita manahodha wote wawili. Anton wa Isevya alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwacheni. Dada humchapa mdogo wake kuliko jirani anavyomchapa." Eliya wenu akasema, "Sisi tunamkubali." Hakunitazama. Basi nitachezesha, na kila mtu anajua.

Najua baba alichoniomba. Namjibu kwa barua nyingine, ambayo nimeianza mara kadhaa.

Yako ni kweli, mpaka mwaka 1912. Yangu: kwamba adhabu ya penalti ilibuniwa na golikipa. Watu walikasirika, wakasema muungwana hachezi rafu makusudi. Inasimuliwa kwamba timu moja ya waungwana, ikipigiwa penalti, golikipa wao alikwenda kuegemea nguzo ya goli na kuacha mpira uingie. Walidhani kuidaka penalti ni kukataa kosa. Kweli au uongo?

Dada yako,
Agi

Bukene, 9 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Baba hajala tangu Bi Zamda alete barua yako. Anakaa kwenye benchi la stesheni, anatazama reli.

Uongo. Golikipa gani atajitengenezea kitanzi chake mwenyewe?

Tuonane uwanjani.

Mdogo wako (bado),
Festo

Tabora, 20 Juni 2024

Festo,

Hujambo? Baba hajambo? Nauliza kwa sababu nataka kujua, si kwa desturi.

Ulipanda lori bila kugeuka, kwa hiyo nakuandikia yale ambayo ningekuambia.

Mechi iliisha sare, bao moja kwa moja. Penalti tano tano zikalingana. Eliya akapaisha ya sita. Akaja Anton: akifunga, kombe lao, ukidaka, mchezo unaendelea. Akapiga, ukadaka. Wenzako walikuwa wameshaanza kukukimbilia nilipopuliza filimbi. Niliona miguu yako yote miwili mbele ya mstari kabla Anton hajagusa mpira. Sheria inataka angalau mmoja ubaki. Nikaonyesha kwa mkono: irudiwe.

Uwanja ulinguruma. Wewe ulinitazama. Kisha ukatembea hadi kwenye nguzo ya kulia, ukaiegemea kwa bega, ukakunja mikono. Goli lote likabaki wazi. Anton alisita, akaniuliza, "Refa, nipige hivihivi?" Nikapuliza. Mpira ulibingirika taratibu mpaka wavuni, na watu wakaingia uwanjani kutoka kila upande.

Ile ya golikipa kubuni penalti ilikuwa kweli. Alikuwa mtu wa Ireland. Ile ya nguzo nilikuambia mwenyewe. Sasa niambie wewe: ulimaanisha nini?

Dada yako,
Agi

Tabora, 14 Julai 2024

Mdogo wangu Festo,

Salamu nyingi. Bi Zamda anasema barua yangu ya mwezi uliopita alikupa mkononi, ukaiweka mfukoni ukaendelea kubeba. Anasema baba amekonda. Nikipiga simu, haipokelewi.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Shukrani, mshika kibendera wangu, alikuwa amesimama karibu na mstari wa goli kuliko mimi, na hakunyanyua kibendera. Nilimwuliza. Akasema, "Dada, jua lilikuwa machoni. Mimi sikuona kitu." Sokoni Isevya, watu waliobeba kombe kwa sababu yangu ndio wanaonicheka: "Yule mwalimu? Kamchinja mdogo wake apate sifa." Mwanamke mmoja muuza dagaa aliniambia usoni, kwa upole kabisa, "Ulitaka waseme una haki, mwanangu. Si ndiyo?"

Kinachonitisha ni kwamba siwezi kuapa kuwa amekosea. Kabla ya mechi nilijiambia kila asubuhi: usimpendelee, usimpendelee. Labda macho yangu yalikuwa yakitafuta kosa lako tangu dakika ya kwanza. Nikikumbuka, nauona mguu wako mbele ya mstari. Nikikumbuka tena, nauona juu ya mstari, chokaa imeshika kwenye soli. Nilikuwa na hakika kwa muda wa pumzi moja, na kwa pumzi hiyo nimekufungia mlango.

Wewe ndiye uliyekuwa ndani ya viatu vile. Niambie.

Dada yako,
Agi

Bukene, 21 Julai 2024

Kwa Mwamuzi Agnetha Masele,

Salamu. Barua zako zimefika.

Baba anaumwa, lakini tunamhudumia sisi tulio karibu. Yule kocha wa Mwanza aliondoka bila kuniuliza hata jina. Hapa kila mtu anajua nani alituua, hakuna haja ya kuulizana habari za viatu.

Bi Zamda amechoka kubeba karatasi. Usiandike tena.

Festo Sylvester,
Golikipa

Tabora, 4 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Naandika mara hii tu, kisha nitakutii.

Nimepangiwa mechi za Urambo, za kufunga msimu wa tumbaku. Ya kwanza nimeikataa. Filimbi imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila nikitoka naigusa kwa bega. Siwezi kuiweka mdomoni wakati sijui kama nilipuliza kwa nilichokiona au kwa nilichotaka kuwa.

Sikuombi unisamehe, wala unirudishie jina la dada. Naomba jibu. Kweli au uongo: miguu yako yote miwili ilikuwa nje. Neno moja linatosha. Ukijibu "uongo", nitakuamini, na siku hiyohiyo nitairudisha filimbi kwa Sameer. Katika mchezo huu hatujawahi kudanganyana kwenye jibu.

Pamoja na barua hii kuna dawa za kifua. Mwambie baba zimetoka kwa Bi Zamda.

Agi

Bukene, 1 Septemba 2024

Dada Agi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Baba anaendelea vizuri. Anazinywa dawa, na alijua tangu siku ya kwanza kwamba hazikutoka kwa Bi Zamda. "Bi Zamda hata chumvi hagawi," alisema.

Nimekaa na lile neno lako moja mwezi mzima. Hili hapa: kweli.

Yote miwili. Nilimwona Anton anaangalia kulia, nikashindwa kusubiri. Nilijua kabla sijatua chini. Nilipokuwa nimekumbatia mpira, wenzangu wakinijia, mimi nilikuwa nasikiliza filimbi tu. Nilipoisikia nilikuchukia, kwa sababu uliona.

Na nguzo. Wale waungwana wako walisimama pembeni kwa heshima. Mimi nilisimama kwa hasira, nikitaka Tabora nzima ikuzomee. Kwa mbali hakuna awezaye kutofautisha. Ningebaki golini pengine ningedaka. Kwa hiyo aliyefunga ule mlango ni mimi, kwa bega langu mwenyewe. Na niliwaacha watu wakutukane majuma yote haya, huku mimi nikinunuliwa soda na kupewa pole.

Jumapili iliyopita baada ya misa tulikuwa pale kwenye benchi. Eliya akaanza tena kukusema, baba akisikiliza ameinamisha kichwa. Nikasema, "Nilitoka." Eliya akacheka, akadhani ni utani. Nikarudia: "Nilitoka, miguu yote. Agi aliona sawasawa." Akanimwagia soda yake miguuni. "Na nguzo uliegemea ili iweje, mjinga wewe?" Hanisemeshi mpaka leo, na jana golini alisimama mwingine.

Baba aliitazama treni ya Mwanza mpaka ikapita. Halafu akauliza, "Agi alikuwa amesimama wapi?" Nikamwonyesha: kama kutoka hapa hadi kwenye lile tangi la maji. Akapima kwa macho. Akasema, "Macho ya mama yake." Jioni aliniita, akasema nikuandikie kwamba mchele mpya upo na kuku ni wengi kuliko walaji.

Magunia bado yapo, dada, na mimi bado niko chini yake. Sitaki kukudanganya kwamba hainiumi.

Zamu yangu. Kweli au uongo: yuko golikipa asiye na timu atakayepanda treni mpaka Urambo kumtazama dada yake akichezesha, endapo dada huyo ataitoa filimbi msumarini. Usinijibu kwa karatasi.

Mdogo wako,
Festo