Mkwe Anayeota Moto kwa Mgongo

Geita,
19 Julai 1953

Kaka yangu mpendwa Jilala,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Serafina na watoto, na kwamba pamba mmeiuza bila ugomvi penye mizani. Sisi hatujambo. Mama naye, tangu aje kututembelea, anakula vizuri na anawasalimu nyote.

Barua yako niliipata, na kusema kweli ilinichoma. Uliandika kwamba mama ameingiwa na majivuno uzeeni, anampita wifi uani kana kwamba hamwoni, anauacha mkono wake ukining'inia, na kwamba msimu wa pamba ukiisha utamrudisha kwa wajomba. Sikujibu upesi kwa sababu nilikuwa na hasira, nawe wanijua, nikikasirika naandika upuuzi.

Huku tumehamia mlimani kwa muda. Watoto walikuwa wakikohoa sana kwa vumbi la mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Baba Zipora alipopata likizo, bwana mkubwa wake alituruhusu tukae katika nyumba ya wapimaji wa ardhi, ambao wamekwisha kwenda zao. Usidhani ni nyumba ya maana. Ni chumba kimoja cha mawe, paa la nyasi, meko ukutani na mlango wa kufungwa kwa kamba. Lakini hewa yake, kaka! Kikohozi kimekwisha. Zipora na Mihayo wanashinda wakiteleza kwenye majabali, hata kaptula ya Mihayo imebaki matundu matupu nyuma. Baridi tu ndiyo haina adabu.

Na kwa kuwa chumba ni kimoja na mama yumo, unajua mwenyewe mambo yalivyokuwa. Baba Zipora alilala jikoni nje, kibandani kusiko na ukuta upande mmoja. Kwa mwiko wa mkwe, tangu anioe hajamtazama mama usoni, na mama naye miaka yote akimwona anakuja aliiacha njia mapema. Asubuhi mume wangu alitoka huko amejikunja, nami nikimcheka huku namwonea huruma.

Basi jioni moja yeye alikuwa akipanda na mzigo wa kuni, mama akishuka kisimani. Njia ni nyembamba. Mume wangu aliruka pembeni akageuza uso. Mama hakugeuza. Alikuja moja kwa moja, macho wazi, wakagongana mabega, akamwuliza kama yeye ndiye Nkwabi, mlinzi wa huku mlimani. Mume wangu alipanda mbio. Alinijia, akasema ama mkwewe amemdharau waziwazi, ama haoni.

Nilimfuata mama kisimani nikamwuliza. Kwanza alinigombeza. Kisha akaketi chini akalia. Kaka, mama haoni. Tangu mvua za mwaka jana anaona ukungu tu, na watu anawajua kwa sauti. Wifi akinyoosha mkono kimya, mama hauoni. Aliniapisha nisikuambie, maana anaogopa utamwona mzigo. Afadhali aitwe mwenye majivuno. Leo navunja kiapo hicho, na anisamehe.

Siku ileile mama alikata shauri: kwa kuwa hamwoni tena mkwewe, mwiko umekwisha, aitwe aingie aote moto. Mume wangu akajibu kutoka nje kwamba yeye bado anamwona. Walibishana hivyo, mimi nikisimama mlangoni kupeleka maneno, mpaka akakubali kuingia kinyumenyume. Sasa kila jioni huketi ameelekea mlango, anaota moto kwa mgongo, na wawili hao wanazungumza habari za ng'ombe kama marafiki wa zamani. Watoto wanacheka hadi wanaanguka.

Tukishuka tutampeleka kwa daktari Mwanza. Sijui kama atasaidika. Ila nakuomba, kaka, usimrudishe kwa wajomba. Huko hajui hata mlango ulipo. Nyumba yake ya huko kwako Kishapu anaijua kwa mikono: mtungi, kigoda, jiwe la kusagia. Msivisogeze. Na wifi akimsalimu, ataje jina lake.

Mama yuko hapa kando, amesikia kalamu, anauliza naandika nini. Nimemwambia nakusalimu tu. Amesema niongeze kwamba anakukumbuka, na kwamba sauti yako ameikosa.

Mdogo wako akupendaye,
Scolastika, Mama Zipora