Mwali Aliyetoka Dirishani Akawafunga Goma

Mutoto wangu Saidati amewafunga Goma magoli mawili, yote mawili kwa muguu wa kushoto, na harusi yake iko karibu kuvunjika!

Mpendwa Mama Languida, samahani, salamu imechelewa, hujambo wewe na nyumba yako, naomba musaada kwenye gazeti lako maana tangu Jumapili ile chakula hakipiti. Mi ni mama ya watoto sita hapa Gisenyi, mutaa wa Waswahili, mume wangu ni Muhamadi mushonaji, ukifika sokoni uliza tu cherehani ya Muhamadi, hata mugeni wa jana atakuonyesha. Nilisoma miaka mitatu, lakini barua hii naandika kwa mukono wangu mwenyewe, sikumuomba mutu.

Kwanza nikueleze huu mupira wa wasichana, maana najua huko utafikiri nimeota. Wasichana wetu wanakwenda ziwani kufua, mablanketi wanayakanyaga kwa miguu ndani ya maji, na nguo zikianikwa kwenye muchanga wanangoja zikauke, donc basi wakaanza kupiga mupira, ule wa majani ya ndizi wa kufunga na kamba. Wavulana wakacheka. Halafu wavulana wakaitwa kujaza hesabu. Halafu wavulana wakafungwa, na siku hiyo hakuna aliyecheka. Kapiteni wao ni Nyirasafari, binti ya muvuvi, Mukristo, ndiye golikipa, na usishangae kwa nini: tangu mudogo baba yake anamurushia samaki kutoka kwenye mutumbwi na yeye anadaka, samaki mubichi, anateleza, anapiga mukia, sasa mupira wa ngozi ni kitu gani kwake? Leo wako ishirini na wawili. Wale wa Mudende wanaoshuka na viazi siku ya soko wanaacha vikapu kwangu wanakwenda kucheza mpaka jua linazama. Suruali zao nimeshona mimi, zinapita goti, na juu yake sketi fupi ili mutu asiwe na neno. Muhamadi siku ya kwanza alinicheka, siku ya pili akaja kunisahihisha mikato.

Bon. Saidati ameposwa Goma, na Abdu, dereva wa kamyo, kijana mutaratibu, harusi ni Jumamosi tarehe 22 Juni. Tangu Idi ipite yuko ndani kama desturi, na somo wake, bibi muzee mwenye heshima anayemufunda, anamupaka siagi ya Mudende asubuhi na jioni, jua lisimuone, wakwe wasimuone. Ndipo wasichana wa Goma wakatuma habari kwamba wanakuja kucheza hapa kwetu Jumapili tarehe 19 Mei. Nyirasafari akaja mulangoni.

"Mama, tupe Saidati."

"Mwali hachezi mupira."

"Nusu saa tu, mama."

"Hata nusu dakika. Rudi kwa samaki zako."

Akacheka, akaenda. Mi nikamuacha mutoto na somo, nikafunga mulango, nikaenda kiwanjani kutazama suruali zangu.

Mama Languida, sijui nikuambie vipi. Nimekwenda harusi nyingi, nimeona sherehe ya serikali na bendera zake, lakini sijaona kitu kama kile. Wanaume wote walikuwa nje ya mustari, wamesimama, na ndani ni wasichana peke yao, na hakuna mutu aliyewaambia wapite pembeni. Wanawake waliokuja na watoto mugongoni wanapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama, wengine hao sijawahi kusikia sauti yao sokoni miaka kumi. Nikakaa kwenye mukeka na shangazi ya Abdu, maana alivuka kutoka Goma na wanawake wenzake, nikamupa mandazi, tukawa tunaongea kama wakwe.

Kwetu kulikuwa na muchezaji mumoja amejifunga kitenge kichwa na uso, macho tu yako nje. Nikafikiri ni wa Mudende, wale wanaogopa jua la huku chini. Loo! Akichukua mupira wenzake wanamufungulia njia kama maji. Anapita watatu, anasimama, anawangoja warudi, anawapita tena. Goli la kwanza kiwanja kizima kikalia. Nikamwambia shangazi:

"Yewe, tazama yule! Mama yake alimulisha nini?"

"Alimulisha anachojua," shangazi akasema, "lakini mbona kamufunga uso kama mwenye jino bovu?"

Tukacheka sisi wawili mpaka machozi.

Halafu goli la pili. Alipiga kutoka mbali, karibu katikati, mupira ukapanda juu ya vichwa vya watu ukakaa huko, nakuambia ulikaa, halafu ukashuka nyuma ya golikipa wao kama mutu aliyeuweka kwa mukono. Na yule msichana baada ya kupiga akaruka mara mbili kwa muguu mumoja. Mara mbili. Hivyo ndivyo anavyoruka Saidati tangu ana miaka mitano akimaliza kukanyaga blanketi! Sikufikiri kitu. Nilisimama, andazi likaanguka, nikapiga kigelegele nikalia: "Ni wangu! Ni Saidati wangu huyo, nilimuzaa mimi!" na wanawake wote wa upande ule wakaitikia vigelegele kabla ya kujua kuna nini.

Shangazi aligeuka polepole.

"Saidati gani?"

Ndipo akili ikanirudia. "Si yeye, mukwe. Nimesema tu. Saidati yuko ndani. Wasichana wote hawa ni kama watoto wangu."

"Wote?"

"Wote."

"Na golikipa?"

"Na yeye."

"Amedaka kumi huyo, mbona hujamulilia hata mara moja? Huyu wa kitenge je?"

"Simujui, mukwe. Wallahi simujui huyo mutoto ni wa nani."

Shangazi akasimama akakung'uta nguo yake. "Bon. Kumbe kwenu Gisenyi mwali anafungwa ndani ya kiwanja."

Na mupira ulikuwa umetoka pale pale, na Saidati ndiye aliyekuja kuuokota, alikuwa karibu yetu kama kutoka hapa mpaka hapo mezani. Aliniangalia. Akafungua kitenge, akakishusha mpaka shingoni, watu wote wakamuona uso, akarudi kucheza.

Siku tatu baadaye likaja neno kutoka Goma. Mechi ya kurudiana ni kwao, Jumapili tarehe 16 Juni, siku sita kabla ya harusi. Wakwe wanasema Saidati akikanyaga kiwanja hicho, posa imekwisha. Wasichana wanasema bila Saidati hawavuki mupaka. Sokoni kila mutu ananiuliza, hata wale ambao hawakunisalimia mwaka muzima. Muhamadi anasema, "We ndiye uliyepiga kelele, we utajua pa kuziweka," anarudi kwenye cherehani. Na Saidati mwenyewe, ukimuona utafikiri hakuna kilichotokea, amekaa na somo wake, anapakwa siagi, ameniambia neno moja tu: "Mama, nilitoka kwa dirisha somo amelala, nimekosa. Sitatoka tena kwa dirisha. Tarehe 16 ukinifungulia mulango nitakwenda, usiponifungulia nitakaa."

Sasa ameniachia mimi. Abdu ni mume muzuri, Mama Languida, mukwe kama yule simupati tena. Lakini kila nikitaka kukasirika naona ule mupira uko juu hautaki kushuka, nashindwa. Miaka kumi na saba nimemulisha, nimemufulia, nimemuchana nywele, na sikujua kama ndani yake kuna kitu kile. Niambie: nifungue mulango au nifunge?

Mimi Mama Saidati, wa Muhamadi mushonaji, Gisenyi, tarehe 26 Mei 1957.


MAMA LANGUIDA ANAJIBU

Mama Saidati, wenzako wakiniandikia huficha majina. Wewe umenipa mpaka cherehani. Vizuri, najua nazungumza na nani. Hongera kwa magoli. Nilisoma barua yako kwa sauti hapa ofisini, na mpanga herufi wetu, mtu ambaye hainui kichwa hata paa likivuja, aliacha kazi akauliza ule mpira wa pili ulipigwa kutoka wapi hasa.

Sasa nisikilize. Unadhani kosa lako ni kupiga kelele. Hapana. Ile kelele ndiyo ilikuwa kweli pekee uliyoisema siku ile. Kosa ni lililofuata. Mtoto ametoka kufanya jambo lililokufanya usahau dunia, amekuja kuokota mpira, akamsikia mama yake akiapa kwa jina la Mungu kwamba hamjui. Umeandika kurasa nne, na sikuona mahali uliposema umemwomba radhi. Weka gazeti hili chini, ingia ndani, kaa naye kwenye mkeka, umwombe. Mengine yatangoja.

Umemaliza? Haya. Saidati naye amwombe radhi somo wake. Bibi mzee alilala akiamini ana mwali ndani, akaamka ana dirisha. Angekuja kulaumiwa yeye.

Kuhusu mlango: tarehe 16 usifungue. Usilie, sijamaliza. Kukaa ndani mlikubali nyinyi, wakwe wakakubali, Saidati akakubali. Desturi iliyopokewa kwa mikono miwili haivunjwi kwa mguu mmoja, hata uwe wa kushoto. Lakini nani aliyewaambia kwamba mechi ni kodi ya serikali, lazima ilipwe siku hiyo hiyo? Siku waliiweka wasichana, na wasichana wataisogeza. Nyirasafari aende Goma aonane na kapiteni mwenzake wiki hii.

Isogezwe mpaka lini? Unajua wewe kuliko mimi. Harusi ni tarehe 22. Bibi arusi akimaliza fungate yake ya siku saba hutolewa nje, na watu wa pande zote mbili huja kumtazama. Kwa nini mumtazame amekaa kwenye kiti?

Kabla ya hapo kuna kazi mbili, na zote ni zako. Ya kwanza: Abdu. Nimemtafuta katika barua yako nikakuta ana kamyo, ana utaratibu, hana mdomo. Shangazi amesema, mume wako amesema, soko zima limesema, na anayeoa hajaulizwa. Aitwe, mbele ya wazee, aulizwe waziwazi kama mke wake atacheza mpira. Akisema ndiyo, mashahidi wapo. Akisema hapana, Saidati alisikie neno hilo akiwa bado kwako, harusi haijafungwa, aamue mwenyewe. Nawe ukubali atakaloamua, hata likikunyima mkwe.

Ya pili ni shangazi. Usimtumie maneno kwa watu wa kamyo. Goma ni hapo ng'ambo, vuka kwa miguu, mchukue somo mfuatane, na njiani usimsimulie mtu yeyote magoli. Ukifika mwambie yote matatu: dirisha, kelele, na uongo. Uongo ndio uliomwondoa kwenye mkeka wako, si mpira. Fikiri kidogo, mama: mwanamke aliyevuka mpaka Jumapili, akakaa juani, akahesabu kwamba golikipa wenu amedaka kumi, huyo hachukii mpira wa wasichana. Anauhusudu. Basi ukishaomba radhi mwambie taratibu kwamba ule mguu uliowafunga, kuanzia tarehe 22 utakuwa unalala Goma. Halafu nyamaza unywe chai yako, umwache apige hesabu.

Naye akimaliza kupiga hesabu atauliza Saidati atachezea upande gani. Hapo utaumia, nakuonya mapema, maana utaona suruali uliyoshona wewe ikikimbilia lango la Nyirasafari. Usijibu. Hilo si lako wala la shangazi, ni la mwenye mguu. Kazi yako ni kukaa kwenye mkeka mmoja na mkwe wako na kusema wazi ni mtoto wa nani, akifunga huku au kule.

Mimi nimezunguka na kalamu hii miaka mingi, nimeandikiwa na wanawake waliopigwa, walioachwa, walionyimwa ruhusa ya kwenda kuzika mama zao. Sijawahi kuandikiwa na mwanamke anayeniuliza afanye nini na binti aliyewashangaza watu kiasi hicho. Nataka kumwona. Jumamosi tarehe 29 napanda meli ya Bukavu kuja Goma, na nitahitaji nafasi kwenye mkeka huo. Waambie wa Mudende waache viazi, mwambie Muhamadi afunike cherehani, mwambie Abdu aegeshe kamyo mbali na lango, na kila anayesoma ukurasa huu na ana miguu ya kumfikisha, tukutane kiwanja cha Goma, Jumapili tarehe 30 Juni, saa tisa mchana.