Mlinzi Tuliyemzima kwa Ajili ya Kilio

Jumanne, jioni. Mvua imekatika, tope jekundu bado limeganda kwenye viatu vyangu, na sina hamu hata ya kuvivua. Nina hasira. Bora niiandike hapa kuliko kulala nayo.

Kwa wasionijua: natunza mashine za kampuni ndogo hapa Lubumbashi. Tunalinda vyumba vya baridi vya wafanyabiashara. Kifaa kinapima baridi, seva yetu inasoma vipimo, na joto likipanda, au umeme ukikatika au kurudi, inapiga king'ora kwenye simu ya bosi, naye anamjulisha mwenye mali. Mimi ndiye niliyemwahidi Mama Kavira kwamba anaweza kwenda kanisani bila wasiwasi. Ni mtu wa Butembo, anauza samaki wa barafu kwa jumla, na Jumapili ghala lake halifunguliwi hata ungelia.

Jana asubuhi alilifungua. Harufu ilimpokea mlangoni.

Chumba kizima kimeoza. Jumamosi umeme ulikatika, jenereta yake ikawaka kama kawaida, umeme ukarudi, na katika kule kurudi disjoncteur ya friji, ile swichi ya kinga, ikaruka. Mtu mmoja tu angeinyanyua, mambo yangeisha. Hakuna aliyejulishwa.

Leo nikakaa mbele ya skrini nyeusi kutafuta sababu. Kwanza nilidhani modemu imeishiwa forfait, kifurushi cha intaneti, maana ndio ugonjwa wetu wa kila siku. Nikapiga ping kuijaribu, ikajibu. Nikadhani diski imejaa. Amri ya df ikaonyesha nafasi tele. Basi nikaandika systemctl status, kuuliza hali ya huduma yenyewe.

Ilikuwa imezimwa. Huduma ikianguka yenyewe, mashine huandika kwamba imeshindwa. Hii haikushindwa. Ilisimamishwa kwa amri, kisha ikakatazwa kuamka hata seva ikiwashwa upya.

Niliiwasha. Ikainuka papo hapo, bila kosa hata moja.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli.

Nikamuuliza Trésor, mwenzangu wa ofisini, maana sisi wawili tu ndio wenye neno la siri. Hakuficha.

“Chef alikuwa ku kilio ya mama bukwe yake,” akasema. “Courant inakatika, telefone inalia. Inarudia, inalia tena. Mbele ya ba bukwe. Njo akanituma nifunge ile kintu.”

“Na kuifungula?”

“Hakuna muntu alinikumbusha.”

Kuzima simu yenyewe bosi hakutaka. Watu wangempigiaje kumpa pole? Na king'ora mbele ya wakwe ni aibu, nakubali. Lakini kilio kiliisha kabla ya Jumamosi ile, turubai likakunjwa, bosi akarudi ofisini, akaona simu imetulia, akaipenda hivyohivyo. Alikuwa akitembea huku na huku akisema siku hizi mitambo yetu imekuwa mizuri. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kwetu nani anasikiliza.

Nikaingia kwake na kumweleza nilichokuta. Hakushtuka.

“Tutamuambia ni courant,” akasema. “Nani ataenda kuuliza courant? Uende weye, weye anakuamini.”

Nikaenda. Nikasema ni umeme. Ndiyo, mimi.

Nilimkuta Mama Kavira amesimama uani, kitambaa puani, akiangalia wapakiaji wakitupa makatoni ndani ya lori. Nilipomaliza uongo wangu alinishika mkono.

“Pole, mwana wangu,” akaniambia. “Ile courant itatumaliza siye bote. Nitauzisha parcelle yangu ya Kasapa, ninunue groupe ya kubwa. Muntu wa kuinunua anakuja kesho.”

Jenereta yake haina ubaya wowote. Hata angekuwa na ya kutosha mgodi mzima, isingemwokoa Jumamosi ile. Na kile kiwanja ndicho alichotaka kujengea vyumba vya kupangisha wanafunzi, ale uzeeni bila kuhangaika na samaki. Alinisimulia mwenyewe siku niliyomfungia kifaa chetu, akanipa na soda.

Nikamjibu asante, mama.

Tangu asubuhi namlaani Trésor, namlaani bosi, na ni rahisi kuwalaani. Wao angalau hawakumtazama usoni. Mimi nilimtazama, nikaona anavyonihurumia, nikapanda pikipiki nikarudi ofisini kana kwamba nimemaliza kazi.

Nikimwambia ukweli, kazi sina tena, na kazi katika mji huu haziokotwi njiani. Nisiposema, kesho kiwanja kinakwenda, na bosi atamfungia groupe mpya huku akitabasamu.

Asubuhi nitapita kwake kabla ya huyo mnunuzi hajafika. Habari ya mashine ataielewa upesi, ni mwanamke wa biashara. Ninachoogopa ni swali lake la kwanza: kwa nini leo nilimwacha anipe pole?