Mkanda wa Magid Niliouosha kwa Mikono Yangu

Namatala,
Industrial Division,
Mbale, Uganda.
19 Oktoba 2025

Mpendwa wifi yangu Nusifa,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani, miguu umeinyoosha, na binti yako Halimah yuko karibu akikusomea. Je, magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa lori ilifika, au alijichua mwenyewe akaimaliza njiani? Na usingizi? Halimah aliniambia kwamba siku hizi ukiamka unaulizia watu waliokwisha kufa. Mungu akushike mkono, wifi.

Sisi hapa ni wazima wa kutembea. Mvua inanyesha kila mchana, kahawa haikauki, tunaitoa na kuirudisha ndani kama mgonjwa. Kiswahili changu unakijua, ni cha soko la Mbale, ukikuta kimepinda Halimah akinyooshe. Hapa kwetu bado ukikisema kwa nguvu watu wanageuka kuangalia kama askari wameingia mtaani, maana huku kilikuwa lugha ya wanajeshi.

Naandika kwa sababu kwenye simu nilishindwa. Mwezi uliopita nilikuambia usifunge mizigo, kwamba maonyesho ya filamu ya kaka yako Magid yameahirishwa kwa sababu ya umeme. Wifi, umeme ulikuwepo. Nilikudanganya. Nitakueleza yote, lakini niache kwanza nimsifu mtoto wangu, maana nikianza na lile lingine sitapata nguvu ya kurudi huku.

Shakirah yule uliyemwacha na miaka mitatu, amekamata khanga yako siku tuliyomzika baba yake, sasa ni mtu mkubwa. Ana chumba chake Kimaka, kule Jinja, karibu na chuo cha maafisa wa jeshi, na hata afande wa getini ukimtajia jina anakuonyesha njia. Kazi yake ni kuokoa filamu za zamani za mbio za magari. Ndiyo, kazi hiyo ipo, na mwenye kuiweza huku kwetu ni binti wa kaka yako. Zile familia za Wahindi zilizoondoka mwaka sabini na mbili zinamtumia mikanda kutoka Uingereza na Kanada, imefungwa kwa taulo kama mtoto mchanga. Anayo mashine inayoupiga picha mkanda kipande kwa kipande na kuuingiza kwenye kompyuta. Halafu anaiweka kwenye mtandao, kila mtu aone, na mara moja kwa mwezi anatundika shuka kubwa kwenye ukumbi mjini Jinja na kuonyesha bure.

Ukiona, wifi! Magari membamba yenye taa za mviringo, yanaruka matuta ya udongo mwekundu wa murram, na watu pembeni ya barabara wamevaa suruali pana kama sketi. Anazo pia kaseti za redio, watangazaji wa zamani wakipiga kelele kwamba gari namba fulani limepita Iganga, halafu redio inakoroma, halafu limeingia Tororo.

Siku moja mzee wa Kisikhi aliona duka la baba yake nyuma ya gari lililokuwa likipita. Sekunde mbili tu. Aliomba arudishiwe mara sita, na mara zote sita Shakirah alimrudishia bila kununa. Nikamwambia mtu niliyekaa naye, "Huyo msichana ni wangu, nimemzaa mimi." Akasema, "Mama, umeshaniambia tangu tulipokuwa mlangoni."

Na nilimwona akisafisha mikanda hiyo. Glavu nyeupe, kitambaa laini, dawa kidogo kutoka kwenye chupa, anaupitisha mkanda taratibu kama anayempangusa mtoto masikio. Nilitazama asubuhi nzima. Nikajiambia, basi ni kusafisha tu, kusafisha nani asiyekujua. Kumbuka hilo, wifi, tutalirudia.

Sasa, katika mikanda yote hiyo Magid hamna. Unajua alikuwa mwelekezi wa Bwana Kishore, dereva wa mbio, anakaa kando yake na kumsomea njia, kona hii kali, daraja lile bovu. Kwa hiyo filamu zinamwonyesha Kishore akiteremka, Kishore akivishwa shada, Kishore akinywa soda. Kaka yako yumo ndani ya gari gizani, au ameinama kwenye injini. Shakirah amehesabu: amemwona baba yake mgongo mara tisa. Uso, hata mara moja. Picha tuliyo nayo ukutani amesimama kama mtu anayepimwa sare. Mtoto hajui baba yake alitembeaje.

Mwezi wa nane Nitin, mwana wa Kishore, yule aliyerudi akafungua nyumba yao ya Jinja, alikuta karatasi ya baba yake. Imeandikwa mikanda saba. Sita anayo Shakirah. Wa saba umeandikwa hivi: "Jinja 1971. Magid anashuka na kucheza na watu. Mkanda ameachiwa mwenyewe."

Mkanda huo unaujua kuliko mimi. Wewe ndiye uliyenisimulia tangu nilipoolewa, jinsi Kishore alivyowaalika nyumbani kwake, akatundika shuka la kitandani, nawe una miaka kumi na mitano, ukacheka mpaka ukatolewa nje. Wote waliokaa mbele ya shuka lile wameshafariki. Umebaki wewe.

Na ulikuwa wapi mkanda wenyewe? Kwangu! Ndani ya sanduku la bati, chini ya ovaroli zake, kwenye mkebe wa mviringo. Miaka thelathini na moja nimekaa nao nikidhani ni kifaa cha gari. Nilipompigia Shakirah kumwambia nimeupata, alilia, mimi nikapiga vigelegele, Khainza jirani yangu akaja mbio akidhani kuna mtu ameoa. Kisha Shakirah akasema, "Mama, usiufungue. Uweke tu kivulini. Nakuja Jumamosi na Nitin."

Halimah mwanangu, hapa soma polepole.

Niliufungua. Sikungoja hata siku mbili. Nilikuwa nimeshatangaza sokoni, msikitini kwa kina mama, na kwa mwenye kinu cha mahindi, kwamba njooni mtamwona mume wangu akicheza. Nikasema niuone kidogo tu. Nilipoinua kifuniko, harufu ikanipiga puani, kali, ya siki, kama achari iliyosahaulika. Mkanda wenyewe umejikunja na una unga mweupe. Wifi, nikaona aibu. Nitin atoke Jinja na gari lake, afungue mkebe nyumbani kwangu, akute kitu cha Magid kinanuka? Aseme mke wake alikiweka hivi?

Nawe unajua sisi huku, kitu kikinuka tunafanyaje. Kahawa ikichacha tunaisugua, tunaiosha, tunaitandaza juani, inarudi kuwa kahawa. Ndivyo nilivyolelewa. Nikachemsha maji. Nikatia sabuni ya unga. Nikavaa soksi nyeupe za mjukuu mikononi kwa kuwa glavu sina. Naona haya kukuandikia hilo la soksi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikakaa kwenye kigoda uani, nikauvuta mkanda kutoka mkebeni, mita kwa mita, nikausugua kwenye beseni na kuuanika juu ya mkeka wa kahawa.

Khainza akachungulia kwenye ua. "Nandutu, leo unafua sinema?"

"Wewe chambua kahawa yako. Wageni wa mwanangu wakifika utakuja kuniomba kiti."

"Lakini inatoa rangi hiyo."

"Si rangi. Ni uchafu wa miaka hamsini."

Maji yalikuwa yamekuwa kama chai ya rangi. Nami nilifurahi, wifi, Mungu ananiona. Kila yalivyozidi kuwa meusi niliona nimefanya kazi nzuri. Nikabadilisha mara mbili. Mkanda ulitoka unang'aa, unapitisha mwanga kama kioo. Niliimba.

Ule haukuwa uchafu. Alikuwa ni Magid.

Jumamosi walipofika nilikuwa nimevaa gomesi yangu ya sherehe, mkanda nimeukunja juu ya kitambaa cha kufuma. Shakirah akauinua kwenye mwanga wa mlango. Akavuta kidogo. Akavuta tena. Nitin akasema kitu kwa Kigujarati, pole pole, akatoka kusimama kwenye gari. Mimi bado nilikuwa nangoja kusifiwa.

Shakirah hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Aliketi chini kwenye mkeka, akavaa glavu zake, akaukunja mkanda wote upya, mtupu vile vile, kwa adabu ile ile anayowafanyia watu wa Kanada. Nikamwambia, "Uache tu, mwanangu, hauna kitu." Akasema, "Ulikuwa nacho, mama." Kisha akauliza maji niliyamwaga wapi. Nikamwonyesha, nyuma ya jiko, kwenye mgomba. Akaenda akasimama pale muda mrefu mpaka matone ya mvua yakaanza. Sikuthubutu kumfuata.

Nilikwenda Jinja kwenye maonyesho ya ile mikanda mingine sita hata hivyo, maana nilikuwa nimealika watu, na nikakaa nyuma kabisa. Nitin aliniletea chai mwenyewe, akaniita Mama Shakirah kwa heshima. Kwenye daftari la Shakirah kila mkanda una mstari wake. Wa saba ameandika: "Umeoshwa, 2025." Hakuandika na nani. Nimemwambia aandike. Amekataa.

Hapa mtaani wamechoka kuniuliza, isipokuwa Khainza. Juzi amesema, "Nandutu, sinema imekauka?" Siku nyingine ningemjibu mpaka akimbie. Nilirudi ndani. Sijaenda sokoni wiki tatu, mimi niliyekuwa nikienda hata bila cha kununua, ili tu mtu aniulize habari za binti yangu.

Kimebaki kipande kimoja. Mwishoni kabisa, pale mkanda ulipobanana kwenye kigurudumu, nilichoka kuvuta nikauacha. Ni urefu wa mkono, kuanzia kiwiko hadi kidole. Shakirah amekipiga picha. Kinapita kabla hujameza mate. Linaonekana vumbi, ubavu wa gari, na mkono wa mtu umetoka dirishani upande wa kushoto, kiganja wazi, unampungia mtu aliyesimama pembeni. Upande wa kushoto ndiko alikokaa kaka yako. Halafu vumbi tena, basi.

Shakirah amekiangalia mpaka nayaogopea macho yake. Aliniuliza, "Mama, alikuwa anampungia nani?" Nami, kwa kuwa mdomo wangu haujui kukaa, nikamjibu, "Shangazi yako Nusifa." Wifi, sijui. Nilisema tu ili apate kitu.

Ndiyo maana nimeandika. Anataka kuja kwako Tanga kabla ya mwaka kwisha, na kinasa sauti, uketi naye umweleze mkanda wote kuanzia mwanzo, ulivyouona siku ile kwenye shuka la Kishore. Alivyoshuka. Mguu gani ulitangulia. Alicheza na nani, alivaa nini kichwani, nawe kipi hasa kilikuchekesha. Anasema atauzungusha mkanda ule ule mtupu kwenye mashine, mwanga mweupe kwenye shuka, na sauti yako juu yake, kama wale watangazaji wa redio. Watu watakaa na kutazama shuka jeupe. Nilidhani huzuni imemvuruga, lakini yeye ndiye anayeijua kazi, na mimi nimeacha kujua.

Halimah ameniambia kuna siku zako za mwanga na siku za ukungu. Shakirah ataketi mpaka siku ya mwanga ije. Ombi langu ni moja. Ukikumbuka, sema. Usipokumbuka, sema hukumbuki, hata hilo la mkono, hata kama litanifanya mwongo mbele yake. Kama Magid alicheza vibaya, kama alianguka, kama alikuwa amelewa, liache kama lilivyo. Usimpangusie mtoto chochote. Kusafisha nimesafisha mimi, na kumetosha.

Nisalimie shemeji, mwambie bado namdai hadithi ya papa. Msalimie Halimah na wanawe, na umbusu yule mdogo kwenye paji la uso kwa niaba yangu. Dada yangu Nabifo wa mlimani anakusalimu, ameniletea ndizi nyingi kana kwamba tuna msiba, na sikumkatalia.

Mungu akuwekee macho ya ndani, wifi, hata haya ya nje yakichoka. Akulinde mpaka mtoto afike.

Wifi yako akupendaye, aliyeharibu na hajaacha kukupenda,

Nandutu, mama Shakirah