Mama Mkwe Ameniapisha Mwanawe Asijue

Bi Zipporah,

Najua wewe ni mtu wa kanisa nami ni Muislamu, lakini nimezisoma barua unazojibu na sina mwengine wa kumwambia, kwa hiyo naandika nikiwa ndani ya gari nje ya kazini, saa ya chakula, kwa sababu nyumbani hakuna pembe ninayoweza kulia nisiulizwe. Mimi ni Mzanzibari wa miaka arobaini, naishi Walthamstow, London, na mume wangu, ambaye hapa nitamwita Hamad, watoto wetu wawili, na mama yake mzazi, mtu wa Pemba, ana miaka sitini na minane, naye nitamwita Bi Time. Kazi yangu, na hapo ndipo aibu yangu inapoanza, ni nesi wa ngazi ya juu katika kliniki ya GP, yaani daktari wa mtaa, yule anayepima, anayeandika dawa na kupeleka mgonjwa hospitali bila kumngoja daktari, na sehemu kubwa ya siku yangu ni wanawake: msichana wa miaka ishirini na mitano aliyekuja kwa kipimo chake cha kwanza cha mlango wa kizazi, mama wa miaka hamsini aliyeitwa kupigwa picha ya matiti anataka nimwambie kama inauma, na bibi aliyekuja kwa presha ambaye akishashika kitasa cha mlango atoke ndipo anaposema lililomleta.

Basi mwezi uliopita niligundua kuwa Bi Time ameacha kusali. Huyu ni mtu ambaye hata alipovunjika nyonga alisali kitandani hospitali, na mimi kwanza nikadhani anasalia chumbani kwake, mpaka siku moja nikarudi mapema nikamkuta bafuni amepiga magoti anafua kanga kwa mikono, maji mekundu, na mashine ya kufulia iko chini haina kitu. Nikamuuliza, "Mama, umeumia?" Akafunga bomba, akasema, "Funga mlango." Halafu akaniambia bila kuniangalia, "Siku zangu zimerudi. Miaka kumi na sita nimetulia, leo zimerudi. Ndiyo maana sisali."

Nikamwambia neno lile lile ninalowaambia wanawake wengine, "Mama, hizi si siku. Damu ikirudi baada ya kukoma lazima iangaliwe, tena haraka." Akasema, "Hospitali watamwita Hamad." Akanishika mkono, wake umejaa povu, akasema, "Apa. Apa kwa Mwenyezi Mungu kuwa Hamad hatajua." Nikaapa.

Kesho yake, tunachambua mchele, akanieleza sababu. Walifika nchi hii mwaka 2001, mumewe ameshafariki, Hamad ana miaka kumi na tisa. Miezi michache baadaye akatokwa na damu nyingi kwa uvimbe wa kizazi, akapelekwa hospitali, mkalimani hakuna, wakamwambia Hamad asimame pale atafsiri. Wakauliza siku zake za mwisho zilikuwa lini, anabadilisha vitambaa vingapi kwa siku, na mtoto akatafsiri huku anatazama ukuta. Kisha Bi Time akaniambia, "Akaniuliza mwanangu, niliyemzaa mimi, kama nimelala na mwanamume tangu babake afe. Nikamwambia, waambie hapana." Anasema tangu siku ile Hamad haingii chumbani kwake bila kupiga hodi kutoka kwenye ngazi, na hilo ni kweli, mimi siku zote nilidhani ni adabu tu.

Sasa zimepita wiki tano. Katika wiki hizo tano nimewapeleka hospitali wanawake watatu wenye dalili hiyo hiyo, kila mmoja siku ile ile aliponieleza. Hamad ananiuliza, "Mama ana nini, mbona hali chakula?" nami namjibu, "Umri." Na jana Bi Time ameniomba nimletee dawa ya kukausha damu kutoka kazini, kimya kimya, jina lake lisiandikwe popote, na Bi Zipporah, nilifikiri namna ya kuipata. Nikivunja kiapo nimempoteza, nikikishika huenda nikamzika. Nifanye nini?

Mkaza mwana, Walthamstow

*

Mkaza mwana,

Barua yako sikuiweka kwenye foleni. Nilikupigia simu siku ile ile kwa namba uliyoiacha, na niliyokuambia nayaandika hapa kwa ruhusa yako na ya Bi Time.

Pole sana, mwanangu. Nimekupa pole, sasa nikukaripie. Wiki tano! Mgonjwa wako angekuja na habari hii ungempa wiki tano akakae nazo nyumbani? Nilikuwa mkunga hapa Lewisham miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu na kuanza kujibu barua hizi, na nimewaona wauguzi wengi wanaojua kila kitu isipokuwa cha nyumbani kwao. Kiapo umekigeuza shuka la kujifunikia. Unaogopa kuwa wewe ndiye utakayeuleta ugonjwa nyumbani kwa kuutaja.

Soma tena ulichoandika kwa mkono wako. Mama huyu hakukataa kupimwa. Alisema watamwita Hamad. Hakukuapisha asiende hospitali, alikuapisha mwanawe asijue. Hayo ni mambo mawili, wewe kwa hofu umeyafunga kitita kimoja. Mwili ni wake, na siri ni yake. Ana haki ya kutibiwa na ana haki mwanawe asiwepo, na nchi hii anaweza kupata vyote viwili akiomba.

Ile dawa, usithubutu. Utaikausha damu na kuuacha ugonjwa unakula ndani, na kazi utafukuzwa, tena kwa haki. Wewe si nesi wake. Wewe ni mke wa mwanawe.

Leo ukirudi, kaa naye, mwambie Hamad hatakuwepo. Pigeni simu kwa GP wake pamoja, naye asikie, na kabla ya yote muulize mpokezi ni namba ya nani iliyoandikwa kwenye faili. Naapa ni ya Hamad, maana nyinyi watoto mkijua Kiingereza kila kitu mnakiandika kwa namba zenu. Iwekwe ya Bi Time. Aombe kupimwa na mwanamke. Aombe mkalimani wa kukodiwa, mwanamke, kwa simu, asiyemjua yeye wala ukoo wake. Wewe utashika mkoba wake na utafunga mdomo. Mweleze mapema watakayomfanya, kwamba kifaa kitaingizwa kwa chini kuangalia kizazi, na pengine watachukua kipande kidogo cha ngozi ya ndani, itauma kidogo, na akisema basi, wataacha. Mwambie pia ukweli unaoujua: wengi wanaotokwa na damu hii hawakutwi na saratani, na wanaokutwa nayo mapema wengi hupona.

Kuhusu sala, mimi si wa kukufundisha dini yako. Nilimuuliza Siham, rafiki yangu anayesomesha wanawake huko Wembley. Alisema damu ya namna hii si hedhi na haimzuii mtu kusali. Bi Time amuulize mwalimu anayemwamini. Mwambie hilo kwanza, kabla ya hospitali. Amekaa mwezi mzima akidhani amefungiwa mlango.

Na Hamad akiuliza tena, usiseme "umri". Sema, "Muulize mama." Huo si uongo na si usaliti.

Wasomaji, yaliyofuata ni haya. Namba ilikuwa ya Hamad. GP alimwona Bi Time baada ya siku mbili, hospitali baada ya siku tisa. Mkalimani alipoingia kwenye simu, Bi Time alimuuliza, "Wewe mtu wa wapi?" Yule mwanamke akajibu, "Mimi sikujui mama, na wewe hunijui." Bi Time akasema, "Basi tuendelee."

Ni saratani ya kizazi, bado iko ndani ya kizazi. Wiki moja kabla ya kupasuliwa, Bi Time mwenyewe alimwita Hamad chumbani, akamwambia, "Nakwenda kutolewa kizazi. Nakuambia mimi. Hukuitwa kutafsiri." Hamad akakaa chini sakafuni. Mama yake alipomuuliza kama anakumbuka maswali ya siku ile ya kutafsiri, alisema hakumbuki hata moja. Anachokumbuka ni viatu vya mama yake vimelowa damu, na kwamba alitazama ukuta ili asimwone akifa.

Bi Time ameshapasuliwa, yuko nyumbani, anasali amekaa kwenye kiti. Majibu ya mwisho bado hayajatoka, na sitawadanganya kuwa najua yatasemaje.

Wanawake mnaonisoma, barua za kuitwa kupimwa mlango wa kizazi hukoma kuja mkifika miaka sitini na nne, na za matiti hukoma sabini na moja. Kwa ngozi ya ndani ya kizazi hakuna barua inayokuja kabisa. Damu ikirudi baada ya kukoma, hata tone moja, piga simu kesho asubuhi.

Na wewe, mkaza mwana. Uliniambia kwenye simu, nilipokubana, kwamba barua ya kipimo chako mwenyewe iko kwenye droo miezi saba sasa, kwa sababu unaona aibu kulazwa kwenye kitanda unachowalaza wenzako. Nenda kliniki nyingine wasikokujua. Ijumaa saa sita mchana nitakupigia, na sitauliza habari za mtu mwengine yeyote kabla ya habari ya kipimo chako.

Zipporah