Kiingereza Changu Kimefufuka

Jumatatu, 7 Februari 1927
Leo nimeitwa afisini kwa Rezidenti, mkuu wa Kitaliano hapa mjini! Mimi, Husseini, karani wa forodha wa enzi ya Mwingereza, ninayeambiwa tangu Mtaliano aingie Kismayu kwamba Kiingereza changu kimeoza. Kisa ni kiwanja cha pwani cha Bi Barke, mjane wa fundi Athmani, ambapo wanawe huunda vyombo vya bahari. Serikali inakitaka ijenge ghala. Bi Barke ana barua ya Kamishna Mwingereza: kiwanja hiki "vouchsafed" kwa Athmani na uzao wake. Gharibu mkalimani kasema maana yake kuazimwa. Kuazimwa! Nikasema hapana, ni neno la kale, hata Waingereza wenyewe hawalitumii ovyo: mkubwa kumjalia mtu kitu kwa hisani yake, kikawa chake. Rezidenti kanipa wiki moja nilete ushahidi.

Jumatano, 9 Februari
Kamusi sina. Nimepita nyumba kwa nyumba kuomba karatasi za Kiingereza. Watu wamezitoa masandukuni, zanuka karafuu na mende. Risiti, risiti, cheti cha chanjo ya ndui. Neno halimo. Gharibu kanikuta njiani, kaniuliza kama nimeanza kuokota taka. Mtu huyu! Nina hasira!

Ijumaa, 11 Februari
Niko kisiwani Chovae. Nimetapika njia nzima mashuani — mwana wa pwani, aibu! Lakini nimelipata! Zamani Mzee Mohdhar aliwaokoa mabaharia wa Kiingereza, merikebu yao ilipopanda mwamba. Barua anayo, mkono ule ule wa Kamishna: darubini hii ya shaba "vouchsafed" kwa Mohdhar. Nikamuuliza, Waingereza walikuja kuidai? Kacheka mpaka kakohoa. Walipohama walibeba hata viti na mizani, mwanangu, lakini darubini hakuna aliyeiulizia. Nimembusu mkono. Kesho narudi naye.

Jumatatu, 14 Februari
Naandika hapa hapa barazani mwa afisi. Rezidenti kalinganisha barua zote mbili, saini kwa saini. Mzee Mohdhar kaiweka darubini mezani, kayasema yake. Rezidenti kamgeukia Gharibu: kuazimwa umekutoa wapi? Gharibu kakiri alikisia tu. Neno hakulijua, basi, kaona haya kusema hajui! Kisha nikataja maana, naye kaiandika kwa Kitaliano. Mimi nataja, Gharibu anaandika! Alhamdulillahi!

Saini ya hukumu bado. Rezidenti kasema atafikiri, kaenda kula.

Bi Barke, aliyekuwa nami barazani, hakungoja. Kaniuliza moja tu: Husseini, ni chetu? Nikamwambia, ni chenu, Bi Barke. Kajifunga leso kiunoni, kashuka pwani.

Sasa nyundo zinasikika mpaka hapa. Wanawe wameanza! Askari katoka mlangoni kusikiliza, Gharibu nyuma yake, kalamu sikioni. Wamesimama tu. Hakuna aliyeshuka kuwazuia —